Kelele ya Mbele Kushoto

Mtu akikuletea gari lenye kelele, kwanza hukuigizia. Nimeona wakubwa wa ofisi, watu wa tai na viatu vya kung'aa, wakisimama katikati ya gereji yangu wakilia ki-ki-ki na kwaa-kwaa kama watoto wa nasari. Siwacheki. Anayesema "tok-tok" na anayesema "kro-kro" hawana ugonjwa mmoja, na fundi anayewakatiza kabla hawajamaliza kulia atashinda siku nzima akifungua nati za bure.

Nayasema haya mjue kwamba nilijua. Kazi hii niliianza mwaka wa sitini na moja, na gereji yangu mwenyewe nyuma ya Kaloleni, kando ya reli, niliifungua sabini na mbili. Springi, shokamzoba, usukani, magurudumu ya mbele: hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Jogoo Road nzima ilisema, kama ugonjwa ni wa mbele, mpelekee Zahoro. Kwa hiyo kisingizio sina.

Naftaly Wanyoike alikuja Jumanne moja ya Julai, mwaka wa sabini na tisa, saa nne asubuhi, na Datsun 1200 ya rangi ya maziwa iliyooshwa mpaka ndani ya magurudumu. Alikuwa mkaazi wa Maringo, mzee wa kanisa, na msimamizi katika kiwanda kimoja cha kufuma vitambaa huko Industrial Area. Alikuwa amepitia kazini kuomba ruhusa kabla ya kuja kwangu. Sikumpenda. Kwanza alizungumza kwa sauti ya juu, kana kwamba sote pale tulikuwa vibarua wake. Pili, ukisema naye hakukutazama machoni. Alikutazama mdomoni, akaukodolea macho, mpaka ukajiuliza kama una mchicha kwenye meno.

"Fundi, bibi yangu anasema hii gari iko na kelele," akasema. "Huku mbele. Upande wa kushoto."

"Kelele ya namna gani?"

"Mimi sijui. Mimi sijasikia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Na ni mimi naendesha."

Hapo ndipo fundi mwenye akili angemwuliza: basi aliyesikia yuko wapi? Sikuuliza. Nilimwambia aendeshe, nikaketi kando yake, tukashuka Jogoo Road kwa kasi, tukarudi kwa ile njia ya mashimo inayofuata reli. Nilimpitisha katika kila shimo ninalolijua, na nayajua yote. Gari lilinyamaza kimya kama lililoonywa. Tuliporudi nililiinua kwa jeki, nikashika tairi la kushoto kwa mikono miwili, nikalitikisa juu na chini, kulia na kushoto. Halikucheza. Springi ilikuwa nzima. Shokamzoba ilikuwa kavu, haivuji mafuta. Nikaligeuza gurudumu kwa mkono nikiwa nimetega sikio, nikaambulia mlio wa tairi tu likizunguka hewani.

"Umewapelekea wangapi kabla yangu?" nikamwuliza.

"Watatu. Wote wamesema iko sawa."

"Watatu, na mimi wa nne," nikasema nikijifuta mikono, na kwa kuwa mafundi wenzangu walikuwa wamesimama wakisikiliza, ulimi ukaniwasha. "Basi mzee, hapa gari halina shida. Mlete mama mwenyewe tumkaze nati, ndiye aliyelegea."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Naftaly hakucheka, wala hakukasirika. Aliutazama mdomo wangu mpaka ulipofunga.

"Hata wewe unaona hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

Kisha akanieleza, pale pale, amesimama na kofia mkononi. Mwaka uliotangulia, baridi kama ile, walifiwa na binti yao wa pekee. Alikuwa na miaka miwili na nusu, na aliitwa Waringa, jina la mama yake Naftaly, kama desturi yao ilivyo. Ilikuwa nimonia. Tangu hapo mkewe, Wangeci, alikuwa amebadilika. Alisikia vitu. Alisema bomba la jikoni linadondoka usiku, Naftaly akasikiliza asisikie tone. Alisema paka wa jirani analia dirishani, na hakukuwa na sauti ya paka. Sasa ilikuwa zamu ya gari.

"Na mimi haniongeleshi," akasema. "Nyumba ni kimya, fundi. Tunaweza kumaliza wiki. Lakini vitu ambavyo haviko, hivyo anasikia."

Kanisani walikuwa wamemwombea mara mbili. Kaka zake Naftaly walikuwa wamekaa kikao, wakamwambia amrudishe mwanamke kwa mama yake Nyeri, apumzike, na asiharakishe kumfuata. Naftaly aliwaambia wangoje kwanza. Aliwaambia atalipima gari mara ya mwisho kwa fundi anayesifiwa. Likionekana lina ugonjwa, mkewe ni mzima. Likionekana zima, basi.

"Jumamosi nitampeleka," akasema. "Wewe umenisaidia kujua."

Akaingia garini akaondoka. Nikabaki nimeshika kitambaa cha mafuta, uso umenishuka. Mzaha niliousema ili watu wawili wacheke ulikuwa umegeuka cheti cha daktari.

Siku mbili nilizunguka na jambo hilo tumboni. Alhamisi jioni chakula kilinishinda, na mke wangu Mishi, ambaye hapitwi na sahani iliyobaki, akaniuliza nini. Nikamweleza yote. Tulikuwa tukikaa Shauri Moyo, chumba na sebule, na Mishi alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchele wa kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Aliyesikia umemwuliza, Baba Lela?"

"Nani?"

"Huyo mama. Yeye ndiye aliyesikia. Wewe umemwuliza asiyesikia, ukamwamini."

"Mke wa watu nitampakia garini nizunguke naye mtaani? Haya yangu nitaiweka wapi?"

"Mumewe si yupo?" Akatupa jiwe moja dogo mlangoni. "Na ulipokuwa ukimcheka mbele ya wanaume wenzako, hiyo haya ulikuwa umeiazima kwa nani?"

Nikainuka nikatoka nje. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu aliyefanya kazi nami analijua hilo, lakini hasira ya mtu aliyeambiwa kweli haina pa kwenda. Nilisimama ukutani nikavuta sigara mbili mfululizo. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nimeulizwa swali la maana, kichwa changu kikaanza kufanya kazi kiliyopaswa kuifanya siku ya Jumanne.

La kwanza: lile gari lilinifikia saa nne, limeshatoka Maringo, limefika Industrial Area, limerudi hadi kwangu. Lilikuwa limechangamka. Kuna kelele za asubuhi, za chuma kilicholala nje na grisi iliyoganda kwa baridi. Ukienda mwendo mfupi hutoweka, na gari likifika gereji limeshapona. Mafundi wote wanne tulilipima likiwa limepona.

La pili lilinichoma zaidi. Gurudumu la mbele la Datsun limeshikwa chini na mkono wa chuma, na pale mkono unapokutana na gurudumu pana kifundo, tufe ndani ya kikombe, sisi tunakiita boljointi. Kikiisha, hucheza. Lakini ukitia jeki chini ya mkono wenyewe, unakibana kile kifundo kwa uzito wa gari, na hapo hata kikiwa kimeoza hakitacheza. Jeki hutiwa kwenye fremu. Hili niliwafundisha watu kumi na zaidi, na wengine niliwapiga makonzi kwa kulisahau. Na Jumanne mimi, Zahoro, niliitia wapi jeki? Chini ya mkono. Niliitia pale kwa sababu lilikuwa jambo la haraka, na akili yangu ilikuwa imeshaamua kwamba yule mama anaota.

Jumamosi niliswali alfajiri, nikafunga jeki, spana na mtaimbo mfupi nyuma ya baiskeli, nikaenda Maringo. Ukungu ulikuwa umeshuka hata taa za barabarani zilionekana kama mayai. Nilimkuta Naftaly amesimama kando ya gari akipangusa umande kwenye kioo, amevaa suti. Sanduku lilikuwa mlangoni, na kando ya sanduku mwanamke mwembamba mwenye sweta ya kijani na kitambaa kichwani. Alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyengoja kuambiwa aketi.

"Moto umewasha?" nikamwuliza Naftaly kabla hata ya salamu.

"Bado. Fundi, wewe umetoka wapi saa hii?"

"Usiwashe." Kisha nikamgeukia mwanamke. "Mama, shikamoo si yako, wewe ni mdogo kwangu, lakini leo ningekupa. Mimi ndiye fundi niliyesema gari hili halina kitu. Sikukuuliza wewe. Nimekuja kukuuliza."

Alimtazama mumewe kwanza. Naftaly alinyanyua mabega.

"Si kila siku," Wangeci akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyezoea kutojibiwa. "Ni asubuhi tu, ikiwa imelala kwa baridi. Tukitoka hapa, akikata ile kona ya kwanza ya kushoto, inalia pole pole kama mlango mkavu. Halafu inagonga, mara moja. Na mimi inanifikia kwa mguu kwanza," akaukanyaga mguu wa kushoto chini, "ndio inakuja kwa sikio. Tukifika barabara kubwa imenyamaza."

Nilikuwa nimesikiliza watu na magari yao miaka kumi na minane, na sijawahi kupewa maelezo safi namna ile. Madereva wa malori hawajaweza. Nilitamani kuwaita wale wanne, nikiwemo mimi, tupangwe mstari tumsikilize.

"Mama atakaa mbele," nikasema. "Mimi nitakaa nyuma."

"Hapana, fundi, mgeni hukaa mbele," Naftaly akasema, maana ni mtu wa adabu, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: kila fundi alipewa kiti cha mbele, na Wangeci alibaki nyumbani.

"Leo mimi si mgeni. Washa, twende, na uende pole."

Tukatoka. Kona ya kwanza iko pale penye bomba la maji la mtaa. Naftaly akapunguza mwendo, akazungusha usukani kushoto, na gari likalia. Krrrooo, refu, kavu, chini ya miguu ya Wangeci, kisha tok! Pigo moja safi lililopanda kwenye bodi hadi kwenye kiti changu. Nilifurahi kama mtoto. Nilipiga kofi mgongo wa kiti.

"Hapo!"

Wangeci hakugeuka. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, amenyoosha shingo. Lakini aliyenishangaza ni Naftaly. Nilimwona katika kioo cha ndani. Uso wake ulikuwa umetulia, macho barabarani, anangoja. Anangoja kelele.

"Mzee, umesikia?" nikasema. Hakujibu.

Nikadhani ameshikwa na aibu, amejikausha. Nikampa ishara kwa mkono azunguke tena. Tulizunguka nyumba, tukarudi kwenye ile kona, na safari hii lililia zaidi. Mtu aliyekuwa akichota maji pale bombani aligeuka kututazama.

"Hapo, mzee! Hapo!" nikapiga kelele.

"Hapo nini?" Naftaly akasema.

Nilitazama kisogo cha yule bwana, masikio yake mawili makubwa yaliyokaa sawasawa, yenye afya kwa kuyaona. Nikakumbuka sauti yake ya juu. Nikakumbuka macho yake mdomoni mwangu. Nikasogea upande wa kushoto wa kiti cha nyuma, nikainama mpaka mdomo wangu ukawa shubiri moja na sikio lake la kushoto, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Mzee Naftaly, simama. Tairi limepasuka."

Aliendelea kuendesha. Wangeci ndiye aliyegeuka. Alinitazama mimi, akamtazama mumewe, akanitazama mimi tena, midomo wazi.

Nikahamia kulia, nyuma ya bega lake la pili. Maneno yale yale, sauti ile ile. Akakanyaga breki hata nikajigonga kichwa kwenye kiti cha mbele.

"Tairi gani?" akasema. "La wapi?"

"Turudi nyumbani," nikamwambia.

Tuliporudi mlangoni nilitia jeki kwenye fremu, mahali pake, nikaliinua gurudumu la kushoto, nikachomeka mtaimbo chini ya mkono nikasukuma juu. Kifundo kikaruka ndani ya kikombe chake, tok, upana wa ukucha mzima. Ngozi ya raba inayokifunika ilikuwa imechanika, na badala ya grisi ndani mlikuwa na vumbi jekundu na kutu. Nilimwita Naftaly, nikamwambia apige goti bila kujali suti. Nilichukua mkono wake nikaubandika pale juu ya kifundo, nikasukuma mtaimbo mara tatu.

"Inagonga," akasema. Aliacha mkono pale. "Inagonga, kweli."

"Ingewatoka kwenye milima ya huko kwenu. Gurudumu lingelala ubavu, na nyinyi pamoja nalo. Mke wako alikuwa anakuambia hivyo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Sasa nisikilize, na unitazame mdomo. Gari lina ugonjwa huu, na huu nitautengeneza leo. Lakini wewe sikio lako la kushoto halisikii."

Alisimama wima. Uso ulimwiva.

"Masikio yangu ni mazuri!" akanguruma, na dirisha la jirani likafunguka. "Mimi nasikia watu kanisani! Nasikia redio!"

"Kiwandani umekaa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na hizo mashine za kufuma, unaposimama kazini, zimekaa upande gani?"

Alifungua mdomo kunijibu kwa ukali. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto ukiinuka wenyewe, ukaonyesha hewani, kando yake. Akautazama ule mkono.

"Huko ndani hakuna mtu anasikia mwenzake," akasema, taratibu sasa. "Tunasoma midomo. Kila mtu huko anasoma midomo. Mtu mgeni akiingia tunamfundisha hiyo kwanza." Aliyasema kama mtu anayeeleza kazi yake kwa mtu wa nje, na alipofika mwisho ndipo alipoyasikia yeye mwenyewe. Akakaa kwenye bampa ya mbele na suti yake.

Nilitaka kusema neno la kumtuliza, lakini maneno yangu ya kutuliza ni machache na siku hizo yalikuwa machache zaidi. Nikachukua spana nikaingia chini ya gari. Kifundo kilipaswa kutolewa, na chini ya gari ni mahali pazuri pa mtu asiyejua la kusema. Ardhi ilikuwa baridi ya kuingia mfupani. Kutoka pale niliona miguu tu: viatu vyeusi vya Naftaly, na baada ya muda, raba nyeupe za Wangeci zikija kusimama karibu naye. Zilisimama kushoto kwake. Zikangoja kidogo. Halafu zikamzunguka, zikaja kulia.

Waliongea Kikuyu. Mtu aliyekulia Pumwani hahitaji kutafsiriwa.

"Bomba la jikoni linadondoka," Wangeci akasema.

"Nimeamini."

"Na paka yupo. Ni wa mama wa nyumba ya tatu, ana mkia uliokatika."

"Nimeamini, Wangeci."

Nilikuwa nimeikamata nati, nikaanza kuizungusha. Nilidhani yameishia hapo, na nilifurahi kwa ajili yao, na kidogo kwa ajili yangu pia, sitaki kusema uongo.

"Usiku unalalia ubavu gani?" Wangeci akauliza.

Naftaly alifikiri. "Wa kulia. Tangu zamani."

"Sikio la kulia kwenye mto."

"Ndiyo."

"Na mimi niko nyuma yako, ukutani." Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, lakini sasa haikuwa ya mtu anayengoja kupuuzwa. "Mimi nilikuwa nikikuuliza kitu, Baba Waringa. Taa ikizimwa. Mchana sikuweza, mchana nilikuwa naogopa uso wako."

"Kitu gani?"

"Kama unanilaumu. Mimi ndiye niliyesema tungoje kuche ndipo tumpeleke hospitali."

Spana ikasimama mkononi mwangu. Viatu vyeusi havikusogea hata kidogo.

"Uliniuliza mara ngapi?" Naftaly akasema.

"Kila usiku, mpaka Krismasi. Halafu nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeshajibiwa."

Nilimsikia yule mwanamume akivuta pumzi, na ilikuwa kama mtu anayebeba kitu kizito peke yake. Nilidhani ataanza kulia. Badala yake alisimama kutoka kwenye bampa, gari likapanda kidogo juu ya jeki, na viatu vyake vikageuka vikaelekeana na zile raba nyeupe.

"Sikusikia," akasema. "Nilidhani wewe ndiye umeninyamazia. Nilidhani wewe ndiye unanilaumu. Niulize tena. Niulize sasa, hapa, nikuone mdomo."

Akamwuliza. Hakupandisha sauti, alimwuliza kama walalao wanavyoulizana, na mimi nilisikia kila neno na natamani nisingesikia.

"Gari hili lilikuwa hapa hapa mlangoni," Naftaly akasema. "Wewe ulisema tungoje. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, Wangeci. Usiku wote ule nilikuwa nimeushika, na sikuinuka. Nitakulaumuje wewe?"

Zile raba nyeupe zikasogea mbele hata zikagusana na viatu vyeusi. Nati nilikuwa nimeshaitoa. Nilibaki nimeishika kifuani, mgongo umekufa ganzi, maana hakuna njia ya kutoka chini ya gari bila kuonekana na watu wawili wanaolia.